Roketi ya Mwezini haina haraka barabarani

Mchungaji wa Arash, kaskazini mwa Tanzania, anayeswaga ng'ombe kwenda kunywa maji angeiacha mbali roketi ya Artemis II. Jumamosi ya 17 Januari 2026, huko Florida, Marekani, roketi hiyo ya shirika la anga la NASA ilitolewa katika jengo ilimounganishwa na kupelekwa kwenye jukwaa la kurushia namba 39B. Ni kilomita 6.4 hivi, nayo ilitumia karibu saa 12.

Mwendo huo una sababu. Roketi ina urefu wa mita 98 na husafirishwa ikiwa wima, chombo cha wanaanga, Orion, kikiwa kileleni. Ikitikiswa chini, kilele ndicho kinachoyumba zaidi.

Gari linaloibeba lilijengwa mwaka 1965 kwa ajili ya safari za Apollo za kwenda Mwezini. Lenyewe lina uzito wa karibu tani 3,000, na hutembea kwa minyororo minane ya chuma kama ya katapila. Pingili moja tu ya mnyororo ina karibu tani nzima. Njia yake imemwagwa kokoto za mtoni, ambazo kwa uduara wake hupunguza msuguano na cheche. Na cheche ni za kuogopwa kwelikweli: haidrojeni na oksijeni za roketi kuu hujazwa baadaye jukwaani, lakini roketi mbili zilizofungwa ubavuni mwake husafiri na mafuta yake makavu tayari.

Kazi ninayoistaajabia zaidi iko mwishoni, kwenye mwinuko wa kupanda jukwaani. Gari linapoinamia nyuma, jeki zake huinua upande wa chini taratibu ili roketi isiiname.

Huku kwetu Afrika Mashariki barabara kama hiyo haikuhitajika. Katika jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano waliiandaa roketi ndogo ya Scout ikiwa imelala, kisha wakaisimamisha papo hapo. Ndiyo iliyorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Artemis inapohamishwa, wanaanga hawamo. Nao pia hulindwa: kabla ya safari hutengwa na watu wasije wakaambukizwa maradhi. Mwaka 1970, siku chache kabla ya Apollo 13 kuruka, mwanaanga Ken Mattingly aliondolewa kwa sababu alikuwa karibu na mwenzake mwenye rubela, naye hakuwa na kinga. Hakuugua. Mwaka 1972 alisafiri na Apollo 16, akauzunguka Mwezi.