Kelele za magari: Umezizoea, lakini moyo wako haujazizoea

Wagonjwa wengi wanaoishi kando ya barabara kuu, kama vile Jogoo Road au Thika Road jijini Nairobi, huwaambia madaktari kwamba kelele za magari haziwasumbui tena. "Nimeshazoea," husema. Ni kweli kwamba akili hujifunza kupuuza mngurumo wa malori na honi za matatu. Lakini mwili, hasa moyo na mishipa ya damu, hauzoei kwa kiasi hicho.

Sikio halilali

Unapolala, macho hufungwa lakini masikio hubaki wazi. Lori likipita, sauti hufika kwenye ubongo, nao huichukulia kama ishara ya hatari. Homoni za adrenalini na kotisoli humwagwa katika damu, moyo huenda mbio, mishipa hubanwa na shinikizo la damu hupanda. Yote haya yaweza kutokea bila wewe kuzinduka. Asubuhi hukumbuki lolote, ila unaamka umechoka.

Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka usiku ili moyo upumzike. Anayelala penye kelele huweza kukosa pumziko hilo usiku baada ya usiku, na baada ya miaka mingi huwa katika hatari zaidi ya kupata presha na maradhi ya moyo.

Ni kelele kiasi gani?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa saa 24, na 45 usiku. Tafiti zilizotegemewa zilionyesha kwamba kila desibeli 10 zinapoongezeka, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba huongezeka kwa takriban asilimia 8. Kwa mtu mmoja hatari hiyo ni ndogo kuliko ile ya sigara, lakini katika jiji lenye mamilioni ya watu, wagonjwa watakuwa wengi.

Hapa Kenya, kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi. Iwapo chumba chako cha kulala kinatazama barabara kuu, basi huenda unaishi juu ya kiwango hicho.

Masikio yenyewe

Makanga, madereva na wachuuzi wa barabarani wana hatari nyingine. Kelele za desibeli 85 kwa saa nane kila siku huweza kuharibu chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio, na zikifa hazioti tena. Ukilazimika kupaza sauti ili usikiwe na mtu aliye karibu nawe, au masikio yakivuma baada ya kazi, hiyo ni dalili ya kuchukua hatua.

Ufanye nini?

Kwanza, ikiwezekana, hamishia vitanda, hasa vya watoto, katika chumba kisichotazama barabara.

Pili, ziba nyufa za madirisha na chini ya mlango. Pazia hupunguza kelele kidogo tu. Hata hivyo, tahadhari: usifunge madirisha huku jiko la makaa likiwaka ndani, kwani hewa yake ya sumu huua watu wakiwa usingizini. Hata ukitoa jiko nje, acha nafasi ya hewa safi kuingia.

Tatu, vizibo vya sponji vya masikio husaidia. Anayelea mtoto mchanga asivitumie, asije akakosa kumsikia akilia.

Nne, ukiwa ndani ya matatu usiongeze sauti ya simu masikioni ili kushinda kelele za nje. Hapo unaongeza kelele juu ya kelele.

Mwisho, pima presha angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hujisikii mgonjwa. Maradhi haya hayana maumivu mwanzoni. Na kama tayari unatumia dawa za presha lakini haishuki, mweleze daktari wako pia mahali unapolala na jinsi unavyolala. Jambo hilo ni muhimu kama chumvi unayokula.