Jinsi Watabiri wa Hali ya Hewa Wanavyopelekeana Habari

 

Kila jioni twasikia katika redio: kesho mvua itanyesha pwani, upepo utavuma kwa nguvu baharini, wavuvi wajihadhari. Tukisikia hivyo, twadhani yuko mtu mmoja hodari aliyetazama mbingu, akajua yote. Sivyo. Nyuma ya maneno yale machache wako watu wengi, na kila mmoja ameona kipande kidogo tu. Mmoja amepima mvua, mwingine amesoma kipimo cha mgandamizo wa hewa, mwingine ametazama picha ya rada. Wasipopelekeana habari, kila mmoja amebaki na kipande chake, na kipande kimoja hakimwokoi mtu.

Leo basi tutazungumza juu ya njia wanazotumia watabiri kupelekeana habari wao kwa wao, na kwa sababu gani njia hizo hazina budi kubadilishwa mara kwa mara. Mfano wetu tutauchukua Marekani. Huko iko Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa yenye ofisi 122 za utabiri, na huko hupiga chamchela kubwa, ambazo wenyeji huziita tornado. Chamchela ya namna hiyo hung'oa nyumba nzima. Tena, tangu mtabiri aitambue mpaka ifike kwenye nyumba za watu, mara nyingi haipiti robo saa. Penye nafasi ndogo hivyo, kuchelewa kwa ujumbe ni jambo la kufa na kupona.

Tuanze mbali kidogo. Zamani watu walijua kupima joto, upepo na mvua, lakini hawakuweza kutabiri vizuri. Kwa nini? Kwa sababu habari ilikwenda kwa barua, na tufani hukimbia kuliko barua. Ilipokuja simu ya waya, yaani telegrafu, kwa mara ya kwanza habari ikaipita tufani. Mwezi wa Februari 1870 Rais Ulysses Grant alitia sahihi azimio la kuanzisha kazi hiyo, na ikakabidhiwa jeshi. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo, saa moja na dakika 35 asubuhi, askari katika vituo 24 walipima hali ya hewa wote kwa pamoja, wakapeleka vipimo vyao kwa simu. Angalieni maneno haya: wote kwa pamoja. Utabiri wa kisasa ulianza pale watu walio mbalimbali walipoweza kusema kwa wakati mmoja kile wanachokiona.

Simu ya waya ilikuwa na gharama, kila neno lina bei yake. Kwa hiyo wataalamu wakazoea kufupisha habari kwa tarakimu. Mpaka leo, duniani kote, viko vipimo vinavyoandikwa katika mafungu ya tarakimu tano tano. Kwa mfano, fungu la 10283 lasema hivi: tarakimu ya kwanza, 1, ni alama kwamba tunazungumza juu ya joto, 0 inayofuata maana yake joto haliko chini ya sifuri, na 283 ni nyuzi 28.3. Mtabiri wa Nairobi, wa Muscat au wa London akiona fungu hilo mahali pake, ataelewa jambo lile lile bila mkalimani.

Mwaka 1928 Wamarekani waliweka mashine za kuchapa simu badala ya telegrafu. Mashine hizo zilijiandikia zenyewe mwisho wa waya, lakini zilikuwa na upungufu mmoja: ziliandika kwa herufi kubwa tu. Miaka ikapita, mashine zikaondolewa, kompyuta zikaja, na bado watabiri waliendelea kuandika kwa herufi kubwa tupu. Ni mpaka tarehe 11 Mei 2016 idara ilipoanza kuandika taarifa zake kwa herufi kubwa na ndogo kama watu wengine. Hapa pana fundisho. Mtambo ukifa, mazoea yake hayafi pamoja nao. Kwa hiyo kuleta mtambo mpya ni kazi nusu tu. Nusu nyingine ni kuuliza ni mazoea gani ya zamani yanafaa kuhifadhiwa, na ni yapi tunayabeba bure.

Sasa mtu aweza kuuliza: watabiri wa siku hizi wana rada na picha za setilaiti. Bado wana haja gani ya kuulizana habari na watu?

Swali ni zuri, nami nitalijibu kwa mfano. Mwali wa rada huenda karibu na mstari ulionyoka, lakini dunia ni ya mviringo. Kadiri mwali unavyokwenda mbali, ndivyo ardhi inavyozidi kuinama chini yake. Mwali unaotoka ukiwa umeinuka nusu nyuzi tu, ukifika kilometa 100, uko juu kama kilometa moja na nusu. Basi rada huona wingu linavyozunguka kule juu, lakini haioni kama chamchela imegusa nyumba. Anayeona ni mtu aliye pale chini: polisi wa barabarani, mkuu wa zimamoto, au mtu wa kujitolea aliyefundishwa kutazama mawingu. Mtabiri ana picha pana asiyoweza kuihakikisha peke yake. Mtu wa chini ana uhakika wa mahali pamoja tu. Wakikutana, onyo huwa kamili.

Zamani walikutana kwa simu. Lakini simu ya kawaida huunganisha watu wawili. Mtabiri aliyepokea habari kutoka mji mmoja alilazimika kupiga tena mji wa pili, wa tatu na wa nne, na huku dakika zinapita. Kwa ajili hiyo, kabla ya mwaka 2010, idara ile ilianza kutumia mtambo wa maongezi ya maandishi kwa kompyuta, uitwao NWSChat. Msingi wake ulikuwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa. Ninyi mnaotumia vikundi vya WhatsApp katika simu zenu mtaelewa mara moja. Ni kama baraza: mmoja akisema, wote waliomo husikia. Waliomo walikuwa watabiri, wakuu wa huduma za dharura, na watangazaji wa redio na televisheni.

Tuseme mkuu wa zimamoto anaandika: "Naona wingu lenye umbo la mrija, magharibi ya mji, linashuka." Mtabiri anasoma, anarekebisha onyo. Mtangazaji anasoma pia, anawaambia watu wake. Ofisi ya jirani inasoma, inajua kitu gani kinaelekea kwake. Ujumbe mmoja, kazi tatu. Tena maneno yamebaki yameandikwa, na kesho yake watu waweza kurudi kuyatazama, wakajifunza wapi walichelewa.

Basi taabu ilitoka wapi? Mtambo wa namna hii una tabia moja mbaya. Siku za jua hauna kazi, watu wachache tu wamo. Siku ya hatari kila mtu huingia kwa mara moja, kila mtu anauliza, kila mtu anapeleka picha. Kwa hiyo siku unapohitajiwa zaidi ndiyo siku unapoweza kuanguka. Mwishoni mwa mwaka 2020 idara ilikuwa imetangaza kwamba mtandao wake unakaribia kushindwa na mzigo, ikafikiria hata kupunguza mara ambazo watu wa nje wangeweza kuchota habari zake kwa dakika. Mwezi wa Machi 2021 chamchela zikapiga majimbo ya kusini, Alabama mojawapo, na katika siku zile NWSChat ikalegalega na kukatika. Maonyo rasmi yana njia zake nyingine, na yaliendelea kutoka. Lakini fikirini mtabiri ameketi mbele ya rada, wingu lazunguka, na baraza lake limenyamaza. Hajui kama limenyamaza kwa kuwa hakuna la kusema, au kwa kuwa waya umekatika. Kimya cha namna hiyo ni kibaya kuliko habari mbaya.

Katika miaka iliyofuata idara iliyahamisha maongezi hayo kwenye programu ya Slack, ambayo hutumiwa na maofisi mengi ya biashara. Faida yake ni kwamba hukaa katika mashine kubwa za kukodi, zenye nafasi ya kupokea watu wengi kwa ghafula, na hutumika katika simu ya mkononi pia. Lakini msidhani kununua kitu kipya ndiyo mwisho wa taabu. Tarehe 4 Januari 2021 Slack yenyewe ilikatika kwa saa kadhaa. Hakuna mtambo usioanguka. Mwenye busara huuliza: ukianguka, tutasemezana kwa njia gani?

Nimefikiri juu ya jambo hili, nami nawapeni maswali manne ya kupima mtambo wowote wa kupelekeana habari, uwe wa watabiri, wa hospitali, au wa chama cha ushirika.

Swali la kwanza: je, ujumbe hufika siku ya taabu, au siku ya raha tu? Mtambo upimwe kwa mzigo wa siku mbaya kuliko zote.

La pili: je, humfikia anayehusika? Baraza likiwa na watu mia na wote wanasema, neno la maana huzama. Ni lazima pawe na vyumba mbalimbali, na kila mtu ajue chumba chake.

La tatu: je, twajua nani amesema, na kama ameona au amesikia tu? "Nimeona" na "nimeambiwa" ni vitu viwili. Mtabiri akizichanganya, ataonya watu bure, na siku ya kweli hawatamwamini. Kwa sababu hiyo maongezi ya ndani si onyo. Onyo ni lile lililotiwa sahihi na idara na kutangazwa kwa watu wote.

La nne: je, iko njia ya pili? Huko Marekani hawajaziacha simu, wala wapiga redio wa kujitolea ambao vyombo vyao huweza kufanya kazi kwa betri. Njia ya pili haina budi kufanyiwa mazoezi. Njia isiyotembewa huota majani, na usiku wa tufani hutaiona.

Haya, na sisi huku je? Wataalamu wetu nao wamo katika mazungumzo hayo ya dunia. Nairobi ni mojawapo ya vituo vikuu vya kupitishia habari za hali ya hewa katika mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Vimbunga vya bahari yetu hufuatwa na kituo cha kisiwa cha Réunion, na watabiri wa Dar es Salaam husoma taarifa zake. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, maonyo yalitangazwa kabla hakijafika Mafia. Maana yake ujumbe ulikwenda kutoka chombo hata chombo, kutoka ofisi hata ofisi, mpaka ukafika kwa redio.

Lakini pingili ya mwisho ya mnyororo huo si ya serikali, ni yenu. Mvuvi aliyekwisha kutweka tanga hana redio masikioni. Akiwa na jirani aliyesikia onyo akanyamaza, kazi yote ile, ya rada na setilaiti na kompyuta, imekufa hatua ishirini kutoka ufukoni. Ukisikia onyo rasmi, mpelekee asiyesikia, na umwambie umelipata wapi na saa ngapi. Usiongeze neno, wala usipunguze.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Kwa nini kupima hali ya hewa wakati mmoja katika vituo vingi kulikuwa jambo kubwa mwaka 1870?

2. Rada huona nini, na haioni nini? Nani humsaidia mtabiri?

3. Katika kijiji au mtaa wenu, simu zikikatika usiku wa tufani, onyo litawafikiaje wavuvi na wakulima? Chagueni njia ya pili, na mwijaribu kabla ya mkutano ujao.