Gramu 1 katika lita 20

Haibiskasi ikivamiwa na vidukari, machipukizi hujikunja, majani yakanata kwa majimaji matamu wanayoyatoa wadudu hao, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi. Wakiwa wachache, wapigwe kwa maji ya mpira wa bustani; wengi wakianguka hawarudi tena. Wakizidi ndipo mwenye bustani aende duka la pembejeo, labda arudi na kichupa cha lambda-cyhalothrin ya asilimia 5. Hapo hesabu inaanza.

Asilimia 5 ya namna hii ni gramu 50 za sumu yenyewe katika kila lita ya dawa. Kilichobaki zaidi ni kiyeyushi chenye asili ya mafuta, pamoja na kemikali inayofanya kazi kama sabuni. Ndiyo maana dawa ikitiwa majini maji hugeuka meupe: mafuta yamevunjika kuwa matone madogo mno yanayoelea. Tuseme lebo inaagiza mililita 20 kwa bomba la lita 20. Mililita hizo zina gramu 1 tu ya sumu, na inatosha. Sumu hii, iliyoundwa kwa kuiga kemikali ya maua ya pareto, huzuia milango ya sodiamu kwenye neva isifungike, mdudu akatetemeka, akapooza, akafa.

Wengi huongeza kipimo ili dawa "ikolee". Kiyeyushi kikizidi huunguza majani machanga. Wadudu-kibibi wanaokula vidukari nao hufa, na utitiri, ambao dawa za aina hii hazidhibiti vizuri, hupata nafasi ya kuzaana bila adui. Kupunguza nako ni hatari. Kidukari jike huzaa bila kupandwa, na watoto wake hufanana naye kabisa kijenetiki. Mmoja mwenye ustahimilivu akiponea dawa hafifu, ukoo wake wote huurithi.

Kwa hiyo kifuniko cha chupa si kipimo. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, litengwe kwa kazi hiyo tu. Vaa glavu kabla ya kufungua kichupa, kwa kuwa sumu ambayo bado haijachanganywa ndiyo kali kuliko zote. Jaza maji nusu bomba, tia dawa, koroga, kisha ongeza maji yaliyobaki. Maji yawe safi: sumu hii hujishika kwenye chembe za udongo, ikapoteza nguvu. Nyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, ulenge upande wa chini wa majani. Usinyunyize karibu na bwawa. Samaki huuawa na kiasi kidogo sana.

Kichupa kikiisha, kisuuze mara tatu na maji hayo yaingie bombani kabla hujalijaza. Dawa iliyobaki ikae kwenye chupa yake yenye lebo, kabatini chini ya kufuli. Tafadhali, usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda.