Kompyuta Iliyorudi Jumanne

Sungura na fisi wapumzike leo. Leo nina hadithi ya kompyuta ya mezani, ile yenye sipiyu chini na kioo juu, na nyumba yake tuseme iko Tarime mjini, kando ya barabara ya kwenda Sirari.

Jumanne ilikuwa nzima. Jumatano kijana wa nyumba hiyo akachomeka flashi ya kuazima, akaweka gemu la mpira. Gemu likataka programu nyingine ya kuendeshea kioo. Akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kusoma. Alhamisi asubuhi kioo kikawa bluu, kikazima, kikawaka, kikazima tena. Na humo ndani mna picha za harusi ya mjomba, pamoja na barua ambayo dada yake aliiandika Jumatano hiyohiyo.

Ushauri wa mtaani mnaujua: "Peleka kwa fundi akapige Windows." Sawa, lakini Windows ikipigwa upya kabla mafaili hayajahamishwa, harusi ya mjomba inaweza kwenda na maji. Dada akasema, ngoja kwanza.

Alijua jambo moja. Mwaka 2000, katika toleo lililoitwa Windows Me, kampuni ya Microsoft iliweka njia ya kuurudisha mfumo nyuma. Njia hiyo ikiwa imewashwa, kompyuta hujiwekea alama kabla ya mabadiliko makubwa: hutunza mipangilio na mafaili ya mfumo yalivyo wakati huo, pamoja na tarehe na saa.

Mmecheza drafti kwa vizibo vya soda? Mbuzi akipita akapangua vyote, mwenye kumbukumbu hurudisha kila kizibo kilipokuwa. Lakini hesabu ya nani kashinda mara ngapi, mliyoichora mchangani, haiguswi. Vizibo ndio mfumo na programu zake. Hesabu ndiyo barua na picha zenu. Kwa hiyo gemu la Jumatano litaondoka, na barua ya Jumatano itabaki. Ila picha uliyoifuta jana hairudi kwa njia hii, na kirusi kilichoingia na flashi kinaweza kubaki kimejificha.

Mashine iliposhindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, yenyewe ikaleta ukurasa wa matengenezo. Dada akachagua kurejesha mfumo, ikaja orodha ya tarehe. Jumanne, saa 4 alasiri, yaani saa 10 yetu. Kompyuta husoma saa kizungu. Hakubonyeza papo hapo. Nje wingu lilikuwa zito, na mnazijua radi za ukanda huu wa ziwa. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuiendesha umeme ukikatika, na kazi hii ikikatizwa katikati mfumo unaweza kuharibika zaidi. Akasubiri mvua ipite, ndipo akaanza. Mashine ikasaga taratibu, ikajizima, ikawaka. Jumanne!

Sasa tuvuke hadi Mugumu, wilaya ya Serengeti, tuone kurudi nyuma kwa namna nyingine. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya huku kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ili wanaomsaidia binti anayekimbia ukeketaji wampate hata kama amekimbilia kijiji ambacho zamani hakikuonekana kwenye ramani yoyote. Mgeni wa kazi akifuta barabara kwa bahati mbaya, je? Ramani ile hutunza kila toleo la kila barabara, nani kabadilisha na lini, hivyo mzoefu huirudisha. Hakuna aliyehitaji kukumbuka kuweka alama.

Kompyuta ya nyumbani haina ukarimu huo. Njia ile ikiwa imezimwa, na kwenye mashine nyingi utaikuta imezimwa, hakuna alama, na pasipo alama hakuna pa kurudi. Yule dada alikuwa ameiwasha mapema. Ndiyo siri yake yote.

Basi leo, mkishamaliza kuosha vyombo, mwombeni mwenye kompyuta ruhusa. Kwenye kisanduku cha kutafutia andikeni restore, mfungue, mtazame kama ulinzi wa diski C umewashwa. Kama haujawashwa, uwasheni, kisha wekeni alama ya leo na kuipa jina. Na picha za harusi ziwekeni nakala kwenye flashi nyingine, si ile ya gemu.