Gunia la Viazi kwa Simu: Lipa Nani, Lipa Lini?

Fuata gunia la viazi kutoka Ol Kalou hadi kibanda cha mama mboga wa mtaa wako. Utakuta limepitia mikono mingi: broka wa shambani, mwenye lori, muuzaji wa jumla pale Marikiti, halafu mama mboga mwenyewe. Kila mmoja ameongeza chake. Ndiyo maana siku hizi majirani wa ploti moja wanachanga, wanampigia mkulima wa Nyandarua au Molo, na kumwambia awatumie gunia moja kwa moja. Ni wazo zuri. Shida huja pale pesa inapotangulia na viazi visifike.

Kabla ya kufikia pesa, kuna suala la kipimo. Usiulize tu, "Gunia ni ngapi?" Uliza lina kilo ngapi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka mfuko usizidi kilo 50, lakini lumbesa, lile gunia linaloongezewa kichwa cha neti, bado linaonekana sokoni. Mkulima ndiye huumia zaidi, kwa sababu analipwa gunia moja huku amejaza karibu mawili. Lakini hata wewe mnunuzi, bila kujua kilo huwezi kulinganisha bei.

Tuseme mko watu 5. Gunia la kilo 50 ni shilingi 2,500 shambani, na kulisafirisha ni shilingi 300. Hiyo ni 2,800, yaani shilingi 56 kwa kilo. Bado hujamaliza, kwa sababu mkulima atakwambia, "Tuma na ya kutoa." Ada ya kutuma na ya kutoa pia ni bei ya viazi, kwa hivyo ijumlishe. Halafu, kwa kuwa ada hukatwa kila unapotuma, ni afadhali mmoja wenu akusanye pesa taslimu na kutuma mara moja, badala ya kila mtu kutuma sehemu yake. Ukipata tofauti ni shilingi 3 au 4 kwa kilo, kusema kweli nunua kwa mama mboga. Yeye anakuuzia hata vya 50 bob, na ukimrudishia kilichooza anakubadilishia.

Sasa malipo. Mkora hahitaji shamba. Anahitaji picha ya magunia, bei tamu kidogo, na ombi la "deposit ya mafuta ya gari". Ukishatuma, simu haishikwi tena. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama uliongea na mwanamume na jina ni la mwanamke, huenda ni la mke wake, ndiyo, lakini uliza kwanza na usitume mpaka uridhike na jibu. Akianza kukuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anangoja, mwachie huyo mteja.

Lakini mkulima naye ana hofu yake: viazi vikishapakiwa, wewe pia unaweza kuzima simu. Njia ambayo huwafaa wote ni kugawa malipo. Lipa nauli ya gunia kwanza, kwa hivyo ukidanganywa umepoteza 300 na si 2,800. Gunia likifika stage, lifungue, ingiza mkono mpaka katikati, angalia kama kuna vilivyooza au vilivyogeuka kijani kwa kupigwa na mwanga, kisha ulipe zilizobaki ukiwa hapo hapo. Kwa mara ya kwanza agiza gunia moja tu. Mkizoeana, mtajua wenyewe namna ya kuaminiana.

Nawe unayeuza, usiachilie mzigo kwa sababu mteja amekuonyesha meseji kwenye simu yake. Ngoja yako iingie, na hata hiyo usiiamini kama imetoka kwa namba ya kawaida ya mtu. Angalia salio. Kama halijapanda, hujalipwa. Akipiga mtu akisema ametuma kimakosa na anataka umrudishie, usimtumie chochote kwa mkono wako. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Na mhudumu wetu yeyote hatakuuliza PIN, hata kama shida yako ni kubwa kiasi gani.

Kama ni wewe uliyekosea namba, omba kurudishiwa mara moja, kabla mpokeaji hajazitoa. Usimalize kwanza kugawa viazi.

Kuhusu kugawa, fanyeni siku hiyo hiyo. Shangi, ambayo ndiyo viazi vingi utakavyoletewa, huchipua haraka. Usiviache kwenye mfuko wa plastiki. Vitandaze mahali pakavu na penye giza, hata chini ya kitanda.