Mkuyu, Mlezi wa Msitu

Msitu wa Ruvu Kusini, ulioenea Kibaha na Kisarawe, umekatwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa unaouzwa Dar es Salaam. Hasara yake huhesabiwa kwa hekta na magunia. Hesabu hiyo, ndugu msomaji, haitoshi, kwani miti haina uzito mmoja katika uhai wa msitu.

Utazame mkuyu na jamaa zake. Tunda lake ni kifuko kilichoficha maua ndani. Nyigu mdogo kama sisimizi hupenya humo, akayachavusha na kutaga mayai. Kwa kawaida kila aina ya mkuyu ina nyigu wake, naye akishatoka huishi siku moja au mbili tu. Asipokuta mti mwingine wenye matunda machanga, kizazi chake hukatika. Kwa hiyo mikuyu huzaa kwa kupishana mwaka mzima, na kiangazi, miti mingi ikiwa mitupu, ndiyo inayowalisha hondohondo, popo na kima. Walaji hao hutawanya mbegu za miti mingine pia.

Mwaka 1969 mwanasayansi Mmarekani, Robert Paine, aliwafananisha viumbe wa namna hii na jiwe la kati linaloshikilia tao.

Hata mkuyu ulioachwa peke yake shambani huendelea na kazi: popo huufikia usiku, na kivulini mwake huota miche ambayo hakuna mkulima aliyeipanda.