Taa ya Betri Haimaanishi Betri Imekufa

Wakati wa masika, gari linalotoka Ifakara kwenda Mlimba, au linalovuka Daraja la Magufuli kuelekea Lupiro na Mahenge, hupita katika maji na matope kwa siku nyingi mfululizo. Katika safari za namna hiyo huwaka kwenye dashibodi taa nyekundu yenye picha ya betri, na hapo ndipo walaji wengi hupoteza fedha zao bila sababu. Mwenye gari huenda dukani, hununua betri mpya, huifunga na kuondoka akiwa ameridhika. Siku ya pili betri hiyo nayo imeisha, kwa kuwa iliyotangulia haikuwa na kosa.

Taa hiyo haipimi uzima wa betri. Hueleza kwamba mfumo wa kuchaji haufanyi kazi, yaani umeme unatoka katika betri na haurudishwi. Kuurudisha ni kazi ya alteneta, ambayo baadhi ya mafundi huiita jenereta, nayo huzungushwa na mkanda unaoendeshwa na injini. Mkanda ukilegea, ukilowa au ukikatika, au waya wa alteneta ukichomoka ama ukishika kutu, kuchaji hukoma hata kama betri ilinunuliwa jana.

Katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha pia pampu ya maji yanayopoza injini. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka na mshale wa joto ukaanza kupanda, au usukani ukawa mzito ghafla, dereva asimame papo hapo na azime injini. Kuendelea hata kwa kilomita chache kunaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi, na gharama yake haiwezi kulinganishwa na bei ya mkanda.

Ikiwa mkanda ni mzima na joto halipandi, gari linaweza kufika kwa fundi wa karibu. Zima redio, kiyoyozi na chaja ya simu; usizime injini njiani, maana huenda isiwake tena. Usiku taa za mbele haziwezi kuzimwa, na betri ndogo huweza kuisha kabla ya saa moja. Kuondoka Ifakara usiku kwenda Kidatu, takribani kilomita 67, huku taa hiyo inawaka, ni kujitakia kulala barabarani.

Kabla ya kununua chochote, mwombe fundi umeme wa magari apime betri kwa mita, nawe usome namba mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6. Injini ikinguruma, kipimo kwa kawaida huwa kati ya volti 13.5 na 14.5. Kikibaki kwenye 12 na kushuka kidogo kidogo, tatizo ni la kuchaji. Kikiwa 14 lakini gari haliwaki kila asubuhi, hapo betri yenyewe ina haki ya kushukiwa, au kuna kifaa kinachonyonya umeme usiku.

Mara nyingine kosa ni uchafu tu. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Fungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya, safisha kwa maji ya moto na brashi, na unaporudisha uanze na chanya. Linda macho na ngozi, kwa kuwa unga huo una tindikali.

Taa za ndani, honi au redio zikikata zenyewe, angalia fyuzi. Iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile: nyekundu kwa kawaida ni 10, bluu 15, njano 20. Kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya kama wafanyavyo wengine stendi, ni kuondoa kinga inayozuia gari lisiungue moto. Fyuzi mpya ikiungua tena mara moja, kuna waya unaogusana na bodi. Hapo ni kazi ya fundi.

Kuhusu taa nyingine, rangi hutoa mwongozo wa kwanza. Nyekundu ya kopo la oili humaanisha simama na uzime injini sasa. Nyekundu ya breki ikibaki baada ya breki ya mkono kuachiwa, huenda oili ya breki imepungua, na gari lisiendeshwe. Njano ya injini inaruhusu kwenda kwa fundi taratibu, isipokuwa ikiwa inamweka.

Mnunuzi wa gari lililotumika, hata lile lililotoka Japani na kitabu cha maelezo asichoweza kukisoma, anaweza kulipima mwenyewe. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini: taa za injini, oili, betri na mifuko ya hewa zapaswa kuwaka, kisha zizime injini inapowaka au muda mfupi baadaye. Isiyowaka kabisa ni ya kutilia shaka kuliko inayowaka, kwa kuwa wapo wauzaji wanaoondoa balbu ili kuficha ubovu.

Unaponunua betri au alteneta, dai risiti ya EFD na hati ya dhamana yenye tarehe, na umwombe fundi akurudishie kifaa cha zamani. Ukibaini kwamba umeuziwa bidhaa bandia, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) ukiwa na risiti hiyo, bidhaa yenyewe na kifungashio chake.